Amri ya Kungoja

Basi lililonitoa Songea liliniacha Tunduru, na kosa halikuwa la basi. Nilishuka kunywa chai, nikakaa kwenye benchi la mama ntilie, nikalitazama likiondoka bila kunyanyuka. Nilikuwa nimeshazoea kuishi hivyo. Tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa nimepalilia kahawa Mbinga, nimepasua mbao Mufindi, nimelinda ghala la mahindi Sumbawanga, na kila nilipofika nilianza kupakumbuka nilikotoka. Miaka arobaini ilinikuta nina begi moja na blanketi.

Kesho yake nilipata lori la saruji. Dereva hakupenda maongezi, lakini hakupenda pia nisinzie. Kichwa changu kikianguka tu, ananigonga bega kwa ngumi. Masasi lori likashika njia ya Mtwara, mimi nikabaki. Masika yalikuwa yanaishia, barabara ya Nachingwea ilikuwa tope jekundu na magari yalikuwa yanaiogopa. Nililala kwenye baraza la duka la mbolea, nikaamka, nikalala tena hapo hapo. Mwishowe nikapakiwa juu ya pikapu iliyobeba magunia matupu ya korosho. Hivyo ndivyo nilivyoingia Nachingwea: nimelala chali juu ya magunia, nikitazama mawingu.

Nilikwenda kwa sababu ya baba. Alikuwa mpishi jeshini, na wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji alipelekwa Nachingwea, kwenye kambi ya wapigania uhuru iliyokuwa katika moja ya mashamba ya zamani ya karanga. Baba hakuwa msemaji. Lakini akiitaja Nachingwea alibadilika hata alivyokaa kwenye kiti. Alisema walipika ugali kwenye mapipa. Alisema vijana kutoka ng'ambo ya Ruvuma walikuwa wakiimba huku wanakula, na kwamba serikali yetu iliwapa ardhi, chakula na mgongo wa kuegemea, katika vita ambavyo havikuwa vya kwetu ila vilikuwa vya kwetu. Alipokufa, na mama akamfuata, kaka zangu waliuza nyumba. Mimi nikabaki nina hamu na mahali ambapo sijawahi kufika.

Hamu hiyo ilikufa asubuhi ya kwanza. Nachingwea ni mji wa ofisi, soko, maghala ya korosho na bodaboda kila kona, kama miji mingine niliyopita. Nilitembea hadi kwenye lango nililoelekezwa, nikasimama ng'ambo ya barabara kuyatazama majengo. Mlinzi akaniuliza nataka nini. Nikamwambia baba yangu aliwahi kupika humu.

"Kashamaliza kupika," akasema. "Nenda."

Chumba nilipata kwa mama mmoja wa Kimwera, aliyekuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma yenye ua mpana. Alikuwa amekaa mlangoni akichambua mbaazi. Sikumaliza hata salamu.

"Mngoni?"

"Ndiyo, mama. Umejuaje?"

"Mnavyosalimia. Kama mnagombana na mtu. Babu zenu walikuja huku kutuchukulia mbuzi na wanawake. Wewe umefuata nini, mbuzi au wanawake?"

"Nimefuata chumba."

"Chumba kipo. Mbuzi nitawalaza ndani kwangu."

Hao ndio watani. Wangoni waliwahi kuwapiga Wamwera, na vita vile vilipopoa vikaacha ruhusa ya kutukanana bila kuchukiana, pamoja na wajibu wa kuhudumiana msibani. Kwa mtu asiye na ndugu karibu, mtani si kitu kidogo. Zilikuwapo siku ambazo sauti pekee iliyoniita nilikuwa naisikia uani pale: "Mngoni, umekufa au unalala?"

Kazi yangu ilikuwa kupuliza mikorosho ya watu. Unabeba bomba mgongoni, unaingia shambani alfajiri umande haujakauka, unavuta kamba, mashine inapiga kelele na vumbi la salfa linapanda juu ya mti. Huwezi kuongea na mtu kwa kelele ile, wala mtu hawezi kukusogelea. Unarudi jioni macho mekundu, unanuka kiberiti, watu sokoni wanakupisha. Nilikula peke yangu chumbani. Mara moja moja mama alinisukumizia mlangoni bakuli la ming'oko, vile viazi vya porini, iliyochemshwa, akanipigia kelele nisimalize chumvi yake, akarudi upande wake wa ua. Yeye pia alikula peke yake. Tulikuwa tunasikilizana tunavyotafuna.

Jambo moja sikulielewa. Mama huyu hakulala nje ya nyumba yake hata siku moja. Huko kusini mwanamke akifiwa, wenzake huchukua mikeka na kwenda kulala naye matangani. Yeye alikwenda, akapika, akalia, na jua likianza kushuka akajifunga khanga akarudi. Majirani walimsema sana. Hata dada yake wa tumbo moja alipofariki Ruangwa, alipanda hiace asubuhi akarudi na ya mwisho jioni. Nilimkuta ameketi mlangoni na vumbi la njiani bado miguuni, analia taratibu.

"Mama, si ungelala tu huko?"

"Nyumba ningemwachia nani?"

"Mimi nipo."

"Wewe hakujui. Akija atadhani amepotea njia."

Ndipo aliponieleza. Wakati wa vita vile alikuwa ameolewa muda mfupi tu na kijana wa Mbekenyera, utingo wa lori. Malori yalikuwa mengi, yakipeleka mizigo kuelekea Ruvuma, na wenyeji waliambiwa wasiulize yamebeba nini. Hawakuuliza. Walitoa muhogo, walitoa kuku, walichimba mahandaki nyuma ya vyoo kwa sababu ndege za Wareno zingeweza kuja. Handaki lake lilikuwa bado lipo. Alikuwa anatupia majivu humo. Mume wake alisafiri na lori na kurudi, akasafiri na kurudi. Safari moja hakurudi, wala lori halikurudi. Baada ya muda akaja afisa mmoja, kijana mwenye adabu, akasimama mlangoni.

"Akanipa shikamoo, na mimi mdogo kuliko yeye," mama alisema. "Akaniambia, mama, mume wako yuko kwenye kazi ya serikali. Usiulize, usiseme, usihame. Ngoja. Kazi ikiisha utaambiwa."

"Halafu?"

"Halafu nini? Nangoja."

Nikasema jambo la kijinga. "Mama, vita viliisha kabla mimi sijazaliwa."

"Najua. Nina redio."

Msumbiji ilipopata uhuru, alinieleza, mji mzima ulicheza ngoma. Wakubwa walikuja wakawashukuru wananchi kwa kutunza siri. Baadaye kambi ikabadilika, vijana wakarudi kwao, ikaja miaka ya kukosa sabuni na sukari, ikaja na kupita. Mahandaki yakafukiwa, watoto wa watoto wakaanza kuendesha pikipiki. Wanaume walimposa, aliwajibu ana mume, yuko kazini kwa serikali. Amri aliyopewa hakuna aliyekumbuka kuja kuiondoa.

Masika yaliyofuata aliugua. Presha ilimpanda, akalazwa, na kulazwa kwenyewe ilibidi abebwe maana alikuwa hataki kuondoka nyumbani. Aliporudi hakuwa na utani tena. Aliniita kibarazani.

"Mngoni, nimeogopa. Ningekufa pale hospitali ningekufa nikiwa nani? Si mjane, sijakaa eda. Si mke, sina mume. Nikiulizwa huko mume wako yuko wapi nitasema yuko kazini?"

Nilimwambia sheikh wa mtaa angeweza kumswalia marehemu aliye mbali. Nilishawahi kusikia jambo hilo.

"Sheikh ameniambia tangu nywele zake nyeusi. Lakini sheikh hakuniambia ningoje. Serikali ndiyo iliniambia ningoje. Serikali ndiyo iniambie basi."

Kwa hiyo tulianza kuitafuta serikali. Yeye na mwavuli wake, mimi nyuma yake kama mlinzi. Ofisi ya kwanza ilitutuma ya pili, ya pili ikasema mambo ya jeshi yanaulizwa makao makuu, mbali sana. Kusema kweli hakuna aliyetucheka. Mzee mmoja kwenye korido alitoa hata kofia. Lakini kila mtu alitaka jina la afisa yule, namba ya lori, karatasi, na mama hakuwa na chochote zaidi ya maneno aliyoambiwa mlangoni.

Mwisho tulifika kwa mtendaji wa kata, binti ambaye vita vile kwake vilikuwa somo la darasani. Alitusikiliza mpaka tukamaliza.

"Bibi, mimi sina mamlaka ya kusema mtu amekufa. Hiyo ni kazi ya mahakama."

"Sijakuomba useme amekufa. Nakuomba useme nisingoje."

"Kwa maandishi?"

"Yule hakunipa maandishi. Alisimama akasema. Na wewe usimame useme."

Binti akacheka kidogo, kisha akaona mama hacheki. Akachezea kifuniko cha kalamu. "Bibi, nikisema mimi, halafu ndugu za mume wako watokee waseme wana habari zake, utanichukia. Nendeni kwanza kwao. Wakisema sawa, mimi nakuja."

Tulirudi polepole. Mama alikuwa anapumzika kwenye kila kivuli. Kwenye kivuli kimoja akaniambia bila kunitazama:

"Unajua nikiingia eda huwezi kukaa pale uani. Wewe si mwanangu wala ndugu yangu."

Nikamwambia najua. Nilikuwa sijui. Mimi Mkatoliki, eda nilikuwa naisikia tu.

"Na eda ikiisha nitakwenda Ruangwa kwa watoto wa dada yangu. Nyumba watakaa wao wenyewe wakitaka. Mimi nitakuwa sina cha kulinda."

Nilibeba mwavuli wake mpaka nyumbani. Jioni ile nilikaa chumbani nikatazama kuta. Nilikuwa nimepigilia misumari miwili ya kutundikia nguo, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwenye chumba chochote cha kupanga. Ningeweza kuchelewesha ile safari ya Mbekenyera. Kulikuwa na mvua, kulikuwa na kazi, hakuna ambaye angenilaumu. Nilikwenda Jumamosi iliyofuata.

Nilipita Ruangwa kwa hiace iliyojaa vijana wanaokwenda Namungo kuchimba dhahabu, kisha nikachukua bodaboda. Dereva alizungumzia mpira njia nzima, akinigeukia usoni kila anapotaja goli, na mimi nikimwomba atazame mbele. Mdogo wa mume wa mama nilimkuta uani anakung'uta ufuta. Alishika mafungu upande wa mashina, akayageuza kichwa chini, mbegu zikamwagika kwenye turubai. Nilipomwambia nimetoka kwa nani, hakuacha kazi.

"Kaka tulishamsomea hitima," alisema. "Zamani. Mimi nikiwa bado nina meno."

Nilidhani sikumsikia. "Na mama?"

"Yule nani angemwambia? Tulimtuma shangazi. Akafika pale, akapikiwa, akalala, akarudi. Akasema hakupata nafasi ya kulisema." Akakung'uta fungu jingine. "Tukasema tungoje kidogo. Halafu shangazi naye akafa. Halafu tukaona haya."

Wamwera huwafuata mama zao, na mtu akifa, ukoo wake wa upande wa mama ndio wenye msiba. Kwa hiyo hawakuvunja sheria yoyote. Walimlilia mtu wao, wakala wali, wakafunga mkeka. Walimsahau tu mtu aliyekuwa bado amekaa mlangoni. Yule mzee alivaa kanzu akafuatana nami siku ile ile. Njiani aliniuliza kama mama ana hasira.

"Sana," nilimwambia.

"Afadhali nife njiani."

Hakufa. Alikaa kwenye mkeka mbele ya mama, akatazama vidole vyake vya miguu, akasema yote kwa mkupuo mmoja.

"Mlikula wali bila mimi?"

"Shemeji, tulikosa."

"Mlichinja?"

"Mbuzi mmoja. Mdogo."

"Mbuzi mmoja," mama akasema, "kwa mume wangu." Akainua khanga akafunika uso, na tukatoka.

Mtendaji alikuja Alhamisi. Nilitegemea aje kama anavyokaa ofisini, lakini alikuwa amevaa gauni refu na mtandio, na viatu aliviacha mbali na mlango. Majirani walikuwa wameshajaa. Mama aliketi pale pale alipokuwa ameketi siku ile afisa wa kwanza alipokuja, akamwelekeza binti asogee kushoto kidogo, kwa sababu yule alisimama kushoto. Binti akasogea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Nimekuja kwa niaba ya serikali." Akakohoa. "Ile kazi aliyokwenda mume wako imeisha. Iliisha zamani. Tumechelewa kuja kukuambia, na tunakuomba radhi. Usingoje tena."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayepokea maagizo. "Nimesikia," akasema. "Na siri?"

Binti hakulitegemea hilo. Akanitazama mimi. "Siri pia imeisha, bibi. Unaweza kusema."

Ndipo alipolia. Wanawake walimchukua ndani, mlango ukafungwa, na tangu dakika ile sikumwona tena uso. Nilisikia maji yakimwagwa, nikasikia wanamvisha nguo nyeupe. Jirani mmoja, mwanamke mnene aliyekuwa na sauti ya amri, alinifuata uani.

"Wewe Mngoni, ameomba ubaki mpaka hitima. Baada ya hapo, utuwie radhi."

Hitima ilisomwa wiki iliyofuata. Sheikh alimswalia marehemu bila jeneza mbele yake, watu wakasimama kwa safu nami nikasimama pembeni. Baadaye wanawake walipoanza kupakua, mzee wa Mbekenyera alinivuta nyuma ya nyumba. Alinikumbusha kwamba mtani lazima amfanye marehemu, amwigize watu wamcheke, la sivyo msiba unabaki mzito. Nikamwambia simjui marehemu.

"Alitembea hivi," akasema, akatupa mguu mmoja nje na kuweka mikono kiunoni. "Na alikuwa anapiga kelele kama nyumba inaungua. Utingo."

Nikavaa kofia ya mtu, nikajipaka majivu ya lile handaki usoni kama vumbi la safari. Nikaingia uani kwa mlango wa mbele, mguu nje, mikono kiunoni.

"Mke wangu! Nimerudi! Chakula kiko wapi?"

Ua mzima ukanyamaza. Mtu mmoja aliangusha kijiko. Nikajua nimekosea, nimemuumiza, na nikatamani ardhi inimeze na kofia yangu ya kuazima. Kisha kutoka dirishani, nyuma ya pazia, sauti ya mama ikasema:

"Umechelewa! Nimeshaambiwa nisikungoje!"

Sijawahi kusikia watu wakicheka vile msibani. Mzee wa Mbekenyera alicheka mpaka akakaa chini na kulia, na yule jirani mnene akanipiga na upawa mgongoni akinifukuza, "Toka, rudi kwenye lori lako!" Nikakimbia nikizunguka ua, nikanyakua paja la kuku kwenye sinia kama desturi inavyotaka, nikaenda kulila peke yangu chumbani. Lilikuwa zuri. Sikulimaliza.

Niliondoka asubuhi iliyofuata. Vitu vyangu vilikuwa vichache kama nilivyokuja navyo. Misumari niliiacha. Uani wanawake walikuwa wanafagia, wakapisha tu begi langu. Nilipita chini ya dirisha la mama nikasimama. Sikujua kama inaruhusiwa.

"Mama, mimi naondoka."

"Unakwenda wapi?"

"Sijajua bado."

Alikuwa karibu sana na pazia, niliona kitambaa kikitikisika anapopumua.

"Huko uendako nani anakungoja?"

"Hakuna, mama."

Nilimsikia akivuta pumzi kutaka kusema jambo, na ndani mwanamke mmoja akamkataza kwa upole, mjane haongei na wanaume dirishani. Akatii. Pazia likatulia.

Stendi basi la Dar es Salaam lilikuwa linanguruma, kondakta anapiga bodi kwa kiganja. Akaniuliza nashukia wapi, nikamwambia mwisho wa gari.